Kelele za Mama Chapa

Nyumbani, 3 Februari

Kwa mke wangu mdogo, Kiherehere,

Kabla hujauliza kwa nini babu yako anaandika barua kwa mkono wakati dunia nzima ina simu, nakujibu: kiharusi kilimpata bibi yako mdomoni na mkono wa kulia, lakini masikio hakikuyagusa. Nikiongea na simu sebuleni, yeye kitandani anasikia mpaka wewe ukimeza mate huko mjini. Na haya ninayotaka kukwambia sitaki ayasikie. Basi vumilia mwandiko wa mtu aliyeiacha shule kabla shule haijamwacha.

Laptopu uliyomletea imekufa nusu. Kioo kinawaka, tumbo linanguruma, ila ukibonyeza herufi hazitoki. Mkosaji ni chai. Mwenye chai ni mimi. Nilikuwa namnywesha huku nasoma anachoandika, akaandika neno kuhusu upara wangu, neno ambalo siwezi kulirudia kwa mjukuu, nikacheka, kikombe kikaenda zake. Chai yote ikaingia kwenye herufi, na sukari yake. Fundi wa sokoni ameifungua, akaitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kumwambia mwenye mgonjwa. Anasema herufi za ndani ndiyo basi tena, lakini tukipata kibodi ya nje, ile ya kuchomeka pembeni, laptopu itaendelea na kazi.

Sasa wewe unajua anavyozungumza. Mdomo wake unatoa "mmm" tu, akitaka maji ni "mmm", akitaka kunitukana ni "mmm". Mkono wa kushoto ndio umebaki kuwa mdomo. Mtu aliyepiga chapa ofisini maisha yake yote, vidole vyake vina akili kuliko kichwa changu. Tangu chai ile imwagike hajasema neno. Amelala ameelekea ukutani. Nimempa daftari na kalamu, mkono wa kushoto haukujifunza kalamu, unachakura kama kuku. Akalitupa. Nikampa kengele awe anaigonga akinihitaji, akanitupia mimi, ikanipata juu ya jicho. Nadhani alimaanisha kwamba yeye si mbuzi.

Nitafutie kibodi. Wewe ndiye msomi, chagua wewe. Fanya haraka, maana nimeanza kuogopa, na mimi nikiogopa nafanya mizaha, na sasa hacheki.

Ukiweza uje nayo mwenyewe. Mzigo ukiwa na miguu haupotei.

Mume wako asiye na meno,
Babu


Mjini, 8 Februari

Shikamoo Babu,

Barua yako nimeisoma chooni kazini. Nimecheka kwanza, halafu nikakaa humo mpaka mwenzangu akaja kugonga mlango.

Saa ya chakula nilikimbia dukani. Babu, sikujua kibodi ni nyingi hivi. Muuzaji ananiuliza: ya waya au isiyo na waya? Ndefu yenye namba pembeni au fupi? Bapa au ya springi? Nikamwambia ni ya mgonjwa, anatumia mkono mmoja. Akasema mgonjwa mpe nyepesi. Nimechagua hiyo nyembamba, haina waya, Bibi anaweza kuiweka hata juu ya blanketi. Ndani ya boksi kuna kidude kidogo kama ukucha, kichomeke pembeni ya laptopu, basi. Nimeituma kwa basi, kaichukue ofisi ya vifurushi.

Kuja siwezi. Msimamizi amekataa likizo. Simu za malalamiko ya maji zimetuzidi, watu wanaamka na matusi tayari mdomoni, na sisi tumevaa vipokea sauti kutwa nzima tunasema "pole sana mteja."

Na kuna jambo jingine, Babu. Nilipokuja mara ile kuleta laptopu, Bibi alinitazama, akatoa ile sauti yake, akalia. Sikujua ananiita au ananifukuza. Nilisema naondoka na basi la alfajiri kwa sababu ya kazi. Haikuwa kazi. Tafadhali usimwambie.

Mjukuu wako,
Kiherehere


Nyumbani, 15 Februari

Kiherehere wangu,

Kibodi imefika. Nimeifungua nikadhani wamekuuzia biskuti.

Usikasirike. Ni nzuri kwa macho. Bibi yako aliposikia boksi linafunguliwa aligeuka, akaacha ukuta, nikasema leo tumepona. Nikamwekea juu ya blanketi kama ulivyosema. Akaweka vidole. Akavitoa. Akaviweka tena. Kwanza biskuti lenyewe linateleza kama sabuni. Akilikimbiza kushoto, linahamia miguuni. Pili, herufi ziko chini, zimelala, na yeye vidole vyake vilifundishwa kupanda na kushuka ngazi. Ile mashine yake ya ofisini ilikuwa na ngazi kweli, safu hii juu, safu hii chini, naye hakuitazama hata siku moja. Alikuwa akitazama dirishani anawasengenya wapita njia huku mikono inaandika barua ya mkurugenzi. Kwenye biskuti lako vidole havijui viko chumba gani.

Alifanikiwa sentensi moja. Nakunakilia: "NINI HII MUME WANGU NIMEPEWA VIGAE."

Halafu akageukia ukutani tena. Safari hii akalia, kimya, bega tu ndilo linatikisika. Nikakaa naye. Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta mmoja, sikuupata, mjukuu wangu. Nilijisikia kama tarishi aliyepoteza barua.

Tafuta nyingine. Nzito, isikimbie. Yenye waya, tuifunge kama punda. Yenye herufi zilizosimama.

Ile siri yako ya basi la alfajiri nimeitunza vizuri sana, mpaka jioni.

Babu


Mjini, 21 Februari

Shikamoo Babu,

Kwa hiyo umemwambia. Sijui hata kwa nini nilikuandikia.

Nimerudi dukani na maneno yako, "yenye herufi zilizosimama." Yule muuzaji akacheka, akanipeleka nyuma ya duka. Akasema kumbe ni mpiga chapa, ungesema tangu mwanzo. Amenipa hii ya springi. Kila herufi ina springi yake, ukibonyeza inashuka, inarudi, na inalia. Ni nzito kama tofali. Ina waya. Herufi mbili za katikati zina vinundu vidogo, mtu akipapasa anajua yuko wapi hata akifumba macho.

Nakuonya tu, Babu, ina kelele. Kazini kwetu mmoja alileta ya namna hii, msimamizi akaipiga marufuku siku ileile. Muuzaji amekubali nikiirudisha ndani ya mwezi mmoja anibadilishie.

Bibi alisema nini ulipomwambia?

Kiherehere


Nyumbani, 2 Machi

Kwa muuaji wangu,

Umeniua! Mjukuu wa kunizika ndiye uliyenizika kabla sijafa. Unajua ulichoniletea nyumbani? Karakana! Tangu kibodi ya tofali ifike, sina raha mimi. Ka-ka-ka-ka asubuhi, ka-ka-ka-ka mchana, nikitaka kusinzia kidogo kwenye kiti, ka-ka-ka, anataka mto ugeuzwe. Jirani amekuja kuuliza kama tumefungua kiwanda cha misumari. Nimemwambia ndiyo, na mimi ndiye mbao.

Ameandika kurasa na kurasa. Amenikumbusha makosa yote niliyofanya tangu tuoane, kwa mpangilio. Amesema chumvi yangu ni ya kupikia ng'ombe. Amesema shati hili nilitoe nimpe fundi afutie pikipiki. Masikio yanapiga kengele. Nitakufa kwa makelele haya, na ukija kwenye msiba wangu usilie, sema tu "ni mimi niliyechagua kibodi."

Umeuliza alisema nini. Nimemwacha aandike mwenyewe. Nakunakilia neno kwa neno:

"Mwambie mke mwenzangu sikumfukuza. Nilikuwa namwita jina lake. Ndivyo lilivyotoka. Mwambie aje nimwite vizuri kwa mkono."

Basi uje. Uje na pamba za masikio, za kwangu na za kwako.

Babu yako marehemu mtarajiwa


Nyumbani, 2 Machi

Kwako Dereva, mzee mwenzangu,

Najua unakaa kwa binti yako unanenepa, huna la kufanya, ndiyo maana nakuandikia. Nimemaliza kuandika barua ya matusi kwa mjukuu wangu na wino bado unatoka, basi nikasema nikuibie dakika zako.

Unakumbuka ofisini, ule ukumbi mrefu wa faili? Mimi nimekaa benchi la matarishi, wewe unangojea bosi na funguo za gari kidoleni. Na kule mwisho, nyuma ya mlango wa mbao, mashine inalia. Hatujamwona. Wewe ulisema, huyo anapiga kama mvua ya mabati. Mimi nilimjua Mama Chapa kwa mlio kabla sijaijua sura. Alikuwa akipata hasira nasikia, akiwa na njaa nasikia, na siku niliyompelekea bahasha yenye karanga badala ya barua, mashine ilinyamaza kidogo, halafu ikaanza tena haraka haraka, nikajua nimekubaliwa.

Sasa, Dereva, umri huu wote, niko jikoni namenya viazi na nyuma ya ukuta ule mlio umerudi. Mkono mmoja tu, nusu mvua. Lakini najua akitafuta neno. Najua akinicheka. Mlio ukinyamaza kidogo, nanyanyua kichwa. Ukirudi, naendelea na viazi. Nimelala usingizi kwenye kiti ambao sijalala tangu augue, kwa sababu masikio yanamlinda. Usimwambie mtu. Nitakanusha.

Wako,
Tarishi


8 Machi

Tarishi,

Mimi sinenepi, ni shati limesinyaa.

Nimesoma barua yako mara mbili, binti yangu akaniuliza nalilia nini, nikasema kitunguu, na sikuwa jikoni. Sasa nakuuliza, mjukuu wako amejua hayo ya viazi? Au umemwandikia matusi peke yake kama kawaida yako? Nakujua. Ukipenda kitu unakilaani mpaka mwenyewe akihurumie. Gari langu la ofisini uliliita jeneza miaka yote, na siku lilipouzwa wewe ndiye uliyelia. Wazee wenzako tumekuzoea. Watoto wa siku hizi wanasoma kilichoandikwa.

Mwambie ukweli.

Dereva


Mjini, 9 Machi

Shikamoo Babu,

Nisamehe. Nimesoma barua yako nikajisikia vibaya mno. Nilikuonya kuhusu kelele lakini sikufikiri juu yako hata kidogo. Wewe ndiye unampikia, unamgeuza, unamwogesha, halafu mimi nakuletea kitu cha kukunyima usingizi. Mimi najua kelele za kutwa nzima zinavyomla mtu. Nikitoka kazini natembea barabarani bado nasikia "haloo, haloo."

Nimezungumza na muuzaji. Ipo moja inafanana kabisa na ile, nzito vilevile, ina waya, herufi zimesimama, vinundu vipo. Tofauti ni kwamba springi zake zina mpira ndani. Hailii. Nimeijaribu dukani, nimepiga kwa nguvu zote, hata mwenyewe sikujisikia. Muuzaji anasema ndiyo bora kuliko zote alizonazo. Nakutumia. Ile ya kelele irudishe kwa dereva wa basi hilohilo, weka kwenye boksi hilohilo, nimeahidi kuirudisha dukani kabla mwezi haujaisha.

Sasa utapumzika, Babu. Safari hii nimepatia.

Kuja, naomba uniombee. Msimamizi bado hajalainika. Mwambie Bibi nimesikia alichoniandikia. Nakisoma kila asubuhi.

Kiherehere


Nyumbani, 14 Machi

Mke wangu mdogo,

Imefika. Ni nzuri kweli. Nimeitazama nikafikiri ni ileile, mpaka alipoanza kuandika nikadhani umeme umekatika.

Ile ya kelele nimempa dereva wa basi leo asubuhi, nimeifunga vizuri, na waya nimeuzungusha.

Nyumba imetulia kama shule wakati wa likizo. Jirani amekuja kutupa pole, akidhani kiwanda kimefilisika.

Bibi yako anakushukuru. Amesema wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu anayejali masikio ya mzee. Mimi pia nakushukuru. Umehangaika.

Basi uje uione inavyofanya kazi.

Babu


Nyumbani, 14 Machi

Dereva,

Barua yako imefika leo mchana. Nimetoka kumpa dereva wa basi ile kibodi asubuhi. Wewe siku zote ulikuwa unachelewa kwa kidogo tu, hata bosi alilalamika.

Nilitaka kukataa. Nilikaa na maboksi mawili mezani, nikamwambia Mama Chapa, hii isiyolia tuirudishe, ile ya zamani ibaki. Akaandika: "Usithubutu. Mtoto amechagua kwa mkono wake. Ukimrudishia zawadi ataona amekosea tena na hatakuja." Nikamwambia lakini mimi nakusikia nikiwa jikoni. Akaandika: "Hukuwahi kunisikiliza hata nilipokuwa na mdomo."

Nikacheka. Nikafunga boksi. Ningefanyaje? Nimwandikie mtoto kwamba babu yake, mpenda matusi, anapika viazi huku anasikiliza mapenzi? Tena kuja kwake ndiko anakokungoja huyu mgonjwa, hata viazi havili.

Sasa nachungulia. Kila mara naacha sufuria naenda mlangoni. Ameniandikia, "Unanichungulia kama mwizi, rudi jikoni, unaunguza." Na kweli nilikuwa naunguza. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo. Mimi hapa nakisikiliza, sisikii mshindo wowote, nasikia kimya tu.

Tarishi


Nyumbani, 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Wageni wote wameondoka. Viti vya jirani nimerudisha. Shangazi zako wamenikunjia nguo vizuri sana, sasa sioni hata soksi.

Ulifanya vyema kuja, na usijilaumu kwamba ulimkuta amefunikwa. Ulilia kwa watu wote, hata mimi sikupata nafasi.

Uliniuliza pale mlangoni, katikati ya watu, "Babu, mwisho aliandika nini?" Nikasema nitakuandikia. Basi naandika.

Asubuhi ile aliamka vizuri. Akanywa chai, nyingine akaninyima. Akaandika mambo mawili matatu ya upuuzi kuhusu upara. Halafu akaandika hivi: "Kibodi hii ni nzuri. Mwambie mtoto ahsante, amepatia." Akafumba macho kama mtu anayetaka kusinzia. Akasinzia kweli. Mimi nilikuwa karibu yake. Hakuhangaika.

Ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka kuamini kitu kimoja cha babu yako mwongo, amini hicho.

Kula vizuri huko.

Babu


Nyumbani, 2 Aprili

Dereva,

Hukuweza kuja, magoti yako najua, nimekusamehe. Lakini mtu mmoja lazima abebe hili nami, na wewe ulizoea kubeba mizigo ya ofisi.

Leo nimemwandikia mtoto uongo. Wewe nakuandikia ilivyokuwa.

Asubuhi ile nilikuwa jikoni, sufuria iko motoni, mimi nimejizuia kuchungulia kwa sababu ananitukana. Kimya. Nikasema, amelala, au anaandika, nitajuaje, vyote viwili sasa ni kimya kimoja. Mwishowe nikashindwa, nikaenda mlangoni. Miwani nimeiacha jikoni. Nikaona amekaa ameegemea mito, uso ameuelekeza dirishani kama alivyozoea tangu ofisini. Mkono uko juu ya kibodi. Na kule kwenye kioo, Dereva, herufi zinakimbia. Nakwambia naziona kwa macho yangu haya, mstari unajaa, unashuka mwingine, unajaa. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, "Haya mama, andika, leo una mengi, nitakuja kuyasoma yote." Nikarudi kuepua sufuria. Nikapakua. Nikapoza chakula chake kwa kukipepea, kama anavyotaka.

Nikaenda na sahani na miwani.

Alikuwa ameandika, "tarishi njoo." Hiyo herufi ya mwisho ndiyo iliyokuwa inakimbia. Kidole kimelala juu yake. Njooooo, ukurasa mzima, ukurasa wa pili, sijui wa ngapi, nimesimama pale na sahani na bado inaongezeka. Sikujua kuisimamisha. Niliunyanyua mkono wake ndiyo ikasimama. Mkono ulikuwa umeanza kupoa.

Ile ya kelele isingenidanganya. Ile ukipiga inalia, ukiacha inanyamaza. Mkono ukilala nayo inalala. Ningesikia "tarishi njoo" ikipigwa, namjua anavyoliita jina langu kwa vidole, halafu ningesikia ukimya, ningetupa sufuria. Labda nisingemwokoa. Daktari anasema kilikuwa kiharusi cha pili, kikubwa, hakuna ambacho ningefanya. Madaktari wanasema hivyo kwa wazee wote. Lakini nisingemkuta ananiita peke yake. Ningekuwa nimeitika.

Na aliyeniandikia barua ya kuomba nipumzike ni mtoto mwenye huruma, aliyesoma kilichoandikwa. Mimi ndiye niliyeandika.

Hili usimjibu mtoto hata akikuuliza. Na mimi usinijibu. Nimeandika ili lisiwe kwangu peke yangu, basi.

Tarishi


Mjini, 11 Aprili

Shikamoo Babu,

Barua yako naiweka chini ya mto. Nikishindwa kulala nasoma pale pa "amepatia."

Nina la kukwambia, na nikilisema kwa simu nitakata kabla sijamaliza. Likizo sikuomba. Msimamizi hakukataa, sikumwuliza. Nilikuwa naogopa kumwona vile tena. Nilikuwa nikienda dukani nachagua kibodi, najiambia hii ikifika ni kama nimefika mimi. Nimetuma tatu. Ningetuma hata ya nne. Na alikuwa ananiita.

Kinachonishikilia ni hiyo ya mwisho tu. Kwamba ilimfaa, na kwamba siku zake za mwisho nyumba ilikuwa tulivu na wewe ulipata kupumzika. Angalau hilo nililifanya vizuri.

Ile ya kelele bado ninayo. Sikuwa na nguvu ya kuirudisha dukani mpaka mwezi ukaisha, sasa hawaipokei. Iko kwenye kabati, ndani ya boksi, na waya ulivyouzungusha wewe. Jana nilibonyeza herufi moja tu, ikalia, nikaogopa nikafunga. Niitupe? Au nimpe mtu?

Mjukuu wako,
Kiherehere


Nyumbani, 17 Aprili

Kiherehere wangu,

La likizo nililijua. Nimekuwa tarishi maisha yangu yote, bahasha tupu naijua kwa kuishika. Sikukusema kwa sababu na mimi mwenyewe zangu si zote zilikuwa na barua ndani. Tuache hivyo.

Kibodi usitupe. Usimpe mtu. Usiitume kwa basi pia, nimechoka na ofisi ya vifurushi, yule mama wa pale ananiuliza kila mara "leo nini tena mzee."

Omba likizo. Omba kweli safari hii, kwa mdomo. Uje nayo.

Laptopu nimeifuta vumbi, iko palepale kando ya kitanda. Chumba sijakigusa. Ukifika hutaniamkia, hutaniuliza nimekula nini, utapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa bibi yako, ukae kwenye kiti chake, uichomeke, uanze kupiga. Andika chochote. Andika malalamiko ya maji. Nitukane, ruksa. Sitasoma.

Mimi nitakuwa jikoni, namenya viazi. Wewe piga tu, mke wangu, piga kwa nguvu, na ukichoka usinyamaze ghafla, maana ukinyamaza nitakuja mbio, na miguu yangu si ya kukimbia tena.

Babu